Pua ya Bwana Afya

Bwana Afya wa mtaa wetu alikuwa na pua. Sote tuna pua, lakini zetu ni za kuvutia hewa na kushikia mafua. Yake ilikuwa ya kazini. Hakula kitu bila kukinusa. Alikimega, akakipeleka puani, akafumba macho, kisha ama akakila ama akamrudishia mwenyewe bila neno. Hata harusini hakuacha. Nakumbuka harusi moja alikoinamia sahani ya pilau kwa muda mrefu, macho kayafumba, mpaka waliokaa naye wakadhani anaomba, nao wakainama. Alipoinua kichwa akasema, "Nyama hii ni ya leo," na mzee mmoja pembeni yake akaitikia, "Amina."

Sisi watoto tulimwogopa kwa namna ya kumpenda. Ukimwamkia "Shikamoo, Bwana Afya," alijibu, "Marahaba. Geuza." Maana yake geuza mkono aone kucha. Kucha zikiwa safi, alikugusa kichwani na kwenda zake. Zikiwa chafu, alikuuliza kwa upole kabisa, "Hao unaowafuga humo wanakula nini?" Nimewahi kumwona akimgeuza mkono diwani, mbele za watu, na diwani akageuza.

Alitembea na baiskeli na tochi, na tochi ile aliiwasha mchana. Alimulika chini ya meza za mama lishe, nyuma ya mitungi ya maji, ndani ya mabirika ya vibanda vya chai. Methali zake alizitunga mwenyewe, na zilikuwa na harufu ya dawa ya kusafishia vyoo. "Nzi hana rafiki." "Maji ya kisima hayana adabu mpaka yachemke." Na ile kubwa, aliyoirudia mpaka ikatutoka masikioni: "Kinachoingia mdomoni kiulizwe kwao." Yaani chakula, kama mgeni, kabla hujakikaribisha ndani kiulize kimetoka wapi na kimepita kwa nani.

Na huyu mtu, choo cha nyumbani kwake kilikuwa na pazia la gunia badala ya mlango. Mkewe alimsema kila msimu wa mvua. "Unafunga hoteli za watu kwa ajili ya mlango, wa kwako uko wapi?" Yeye alicheka akasema fundi hafungi kwake. Aliogopa sindano vilevile. Siku ya chanjo alipanga foleni ya watu wazima mtaa mzima, zamu yake ilipofika akatafutwa, akapatikana kwa jirani akinywa togwa.

Togwa ndiyo ilikuwa udhaifu wake. Kila asubuhi alisimama kwa bibi mmoja aliyeuza togwa ya mtama kando ya barabara ya zamani ya misafara, karibu na kwetu, akanywa kata mbili. Bibi yule alianika kimea chake juu ya bati, na kuku walikipitia watakavyo. Nilimuuliza siku moja mbona pale pua yake inapata likizo. Akanijibu, "Togwa hailiwi, inanywewa." Hakutaka kuulizwa zaidi, na mimi sikuuliza.

Mama yangu alikuwa mwokaji. Mtaa wote ulimwita Mama Mkate, na tanuri lake la matofali lilikuwa nyuma ya nyumba, limeshikana na chumba kidogo cha kukandia. Baba alikuwa mtu wa reli, leo Kigoma kesho Mpanda, kwa hiyo mkate ndio uliotulea. Mikate ya mama ililiwa pale mjini Tabora, na mingine ilipakiwa kwenye basi la Ulyankulu, kwa wenye maduka waliopenda mkate usiokauka haraka.

Bwana Afya alipita kwetu karibu kila siku, wala hakula mkate wetu hata mara moja. "Mkaguzi hali anakokagua," alisema. Lakini alikaa barazani, akapumzisha baiskeli, akanifundisha kusoma maandishi madogo ya kwenye pakiti. Alikusanya pakiti tupu za chumvi, za biskuti, za majani ya chai, akanipa moja moja. "Soma. Wameandika kidogo kwa sababu hawataki usome, basi wewe soma." Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza redio wakati wa uchaguzi. Hakuna mtu mzima mwingine aliyewahi kunisikiliza vile. Nasema hili mapema ili lisije likaonekana limejificha: nilimpenda Bwana Afya kuliko wajomba zangu, na siku hizi nikilikumbuka hilo, naona haya.

Hadithi zake nyingine zilikuwa za njia ile ya misafara. Alisema babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka pwani, miezi njiani, na kwamba kila kituo pembe zilipimwa uzito na kukaguliwa kama zimepasuka. "Pembe ilipimwa, mpagazi hakupimwa," alisema, akitikisa kichwa. "Akianguka, mzigo ulipewa mwingine." Aliyasema haya akikasirika kweli, kama vile msafara umepita jana yake.

Sasa niseme la dirisha. Chumba cha kukandia kilikuwa na dirisha moja, linatazama shimo la taka la jirani. Bwana Afya aliona nzi wawili juu ya donge la unga, na nzi, kama nilivyosema, hana rafiki. Akamwambia mama aweke wavu. Wavu mzuri haukupatikana mjini siku zile, na yeye hakutaka kusubiri. "Basi ziba, Mama Mkate. Mlaji hawezi kusubiri wavu." Mama akapigilia mbao. Chumba kikawa giza, akawa anakanda kwa taa, mlango umerudishwa. Bwana Afya alikuja akamulika na tochi pande zote, hakuona nzi hata mmoja, akampa mama mkono wa pongezi. Mama alifurahi siku ile, nami pia.

Kitu kimoja alichokichukia kuliko nzi ni ukungu. Kabla ya kuja kwetu aliwahi kupangiwa kijiji ambako watu walikula mahindi yaliyoota ukungu ghalani, na aliona nyumba moja ikizika, ikarudi makaburini ikazika tena. Hakulisimulia kwa kirefu. Lakini nilimwona sokoni akimwaga gunia zima la karanga zenye ukungu, mwenye mali akilia kwa sauti, naye akimwambia, "Lia tu, baba. Bora wewe ulilie karanga kuliko mwenzio alilie mtoto." Alikuwa sahihi siku ile. Watu wasije wakamwona mjinga kwa haya yanayofuata, kwani aliyepatwa na hili ni mtu aliyeokoa wengi.

Mama alikuwa akitia kwenye unga wa ngano kijiko cha unga mwingine mweupe wa kwenye mkebe, ambao waokaji wote waliuita dawa ya mkate. Ndio ulioufanya mkate uumuke vizuri na ufike Ulyankulu ukiwa bado laini. Siku moja Bwana Afya aliuinua mkebe, akasoma maandishi madogo kwa tochi, kama alivyonifundisha mimi. Yalisema ndani mna kimeng'enya kilichotokana na ukungu.

Nilikuwepo. Niliona uso wake ukibadilika. Hakumuuliza mama kitu. Aliuweka mkebe mezani taratibu, akachukua mkate mmoja wa kupeleka maabara, akaondoka na baiskeli bila kuaga.

Jumapili iliyofuata, kanisani kwetu Moravian, alimwomba mchungaji nafasi kwenye matangazo. Tulizoea, alikuwa akitangaza kuchemsha maji na kufukia madimbwi. Akasimama na suti yake ya kijivu, akasema kwa sauti yake ya besi aliyoimbia kwaya, "Wapendwa, kuna mkate mtaani kwetu unatiwa ukungu. Kinachoingia mdomoni kiulizwe kwao." Hakutaja jina. Lakini mtaa ulikuwa na tanuri moja tu. Vichwa viligeuka taratibu mpaka vyote vikatutazama, na mama, kitenge kipya begani, aliendelea kutazama mbele kana kwamba linasemwa jambo la watu wa Nzega.

Siwezi kuwalaumu watu kwa kuacha kununua. Ningekuwa wao ningeacha. Ninachowalaumu ni yale mengine. Waliotuonea huruma hadharani, waliosema walishahisi ladha siku nyingi, waliowaagiza watoto waje kuchungulia. Shuleni niliitwa Ukungu. Mama aliacha dawa ya mkate, lakini mkate usio na dawa ulifika Ulyankulu mgumu kama kigae, na wenye maduka nao wakaacha. Alioka mikate michache, iliyobaki tukaila sisi, asubuhi, mchana na jioni, tukimtazama mama kwa pembe ya jicho kuona kama bado anatutazama.

Majibu ya maabara yakarudi. Bwana Afya alikuja kwa mlango wa uani, yeye ambaye maisha yake yote alipita mlango wa mbele akipiga kengele ya baiskeli. Mama alikuwa anaosha makalibu ya mikate. Akamwambia, "Mama Mkate, mkate wako hauna neno. Endelea." Mama akauliza, "Na dawa yangu?" Akajibu, "Nayo haina neno kwa mlaji. Endelea." Akasimama kidogo, mdomo ukafunguka kama wa mtu mwenye neno la tatu. Kisha akauliza choo chetu kinaendeleaje, akaenda zake.

Tulingoja Jumapili. Mama alivaa kitenge kilekile, makusudi. Ulipofika wakati wa matangazo, Bwana Afya akasimama. Akakohoa. Akatazama upande wetu. Akaanza kuzungumzia vyoo. Alizungumza vyoo kwa urefu, shimo, kina, umbali kutoka kisimani, jasho likimtoka, na wala hakuna mtu aliyeuliza habari za vyoo siku ile. Nilitamani benchi linimeze. Sikuona haya kwa ajili yetu; tulishaizoea. Nilimwonea haya yeye. Mtu mwenye sauti ya kujaza kanisa zima, sentensi moja ilimshinda.

Watu walirudi polepole, kama watu wanavyorudi, bila kusema waliondoka. Mmoja akaja usiku wa msiba uliohitaji mikate mingi, mwingine akafuata harufu. Mama akaanza tena na dawa yake, ndani ya chumba chake kilichozibwa, na sasa alikiziba zaidi, matambara kwenye nyufa, asije akapata sababu nyingine ya kutangazwa. Bwana Afya aliacha kukaa barazani. Alipita akapiga kengele, akapunga mkono, akaongeza mwendo.

Kifua cha mama kilianza kidogo, kama mafua ya kiangazi. Kikawa cha asubuhi tu, kikawa cha kila akikanda, kikawa na filimbi. Tulimpa tangawizi na asali ya msituni, tukamwombea, mtu mmoja akatuambia ni moshi wa kuni. Kisha alikwenda msibani Ulyankulu, akakaa matanga na siku kadhaa za mapumziko, na filimbi ikanyamaza. Aliporudi, siku ya kwanza kufungua mkebe, alitoka chumbani akitambaa.

Daktari aliyempokea alimuuliza kazi yake kabla hajamuuliza umri. Alitueleza kwa lugha tuliyoielewa. Alisema vimeng'enya ni mambo yaleyale yanayofanya kimea kilainishe uji. Hivi vya kwenye mkebe huvunwa kutoka kwa ukungu wa aina yake unaofugwa kiwandani, si ule wa ghalani, na moto wa tanuri unavimaliza kazi. "Mkate mle bila hofu. Shida ni unga wake ukiwa hewani. Anayeuvuta kila siku, kifua chake kinaweza kuukataa, na kikishaukataa hakisahau." Akauliza, "Chumba chenu kina dirisha?"

Siku hiyohiyo niling'oa mbao zile kwa nyundo. Nilipiga na kulia. Lakini mama hakuweza tena kuingia mle. Leo tanuri ninaliendesha mimi; dirisha liko wazi lina wavu, dawa ninanunua ile ya maji isiyotimka, na mama hukaa barazani na kipulizo chake mfukoni, akiuza mikate anayoisikia harufu tu ikiwa inaumuka. Zamani aliweza kuimba pambio zima akikanda. Sasa sentensi yake moja ina vituo vitatu.

Bwana Afya alikuwa ameshastaafu na kuhamia kwa mwanawe Lusu, huko Nzega. Aliondoka bila kutuaga. Mwaka jana, baada ya mavuno, nilikuwa na safari ya Nzega kununua kuni na mashudu, na mama akanifungia mkate mmoja kwenye kitambaa. "Mpelekee Bwana Afya."

Nikasema, "Mama, yule?"

"Ni mtu mzima. Utapita kwake mikono mitupu?"

Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mahindi. Mkwewe alinisalimu, "Mwangaluka," akaniletea kiti, akaenda kisimani. Mzee alikuwa amepungua. Suti ilikuwa imebaki mabega tu. Nikampa shikamoo, akaitikia, nami bila kufikiri nikageuza mkono. Alizitazama kucha zangu, zina unga, akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwisha.

"Mama yako?"

"Kifua."

Aliweka gunzi chini. "Dirisha mmefungua?"

Sikuwa nimemwambia habari za dirisha. Hakuna mtu wa Tabora aliyekuwa akija huku kumpelekea habari zetu. Nilimtazama, naye akaona nimeelewa kabla sijaelewa vizuri.

"Kijana wa maabara aliniambia," akasema. "Siku ileile ya majibu. Alisema, 'Mzee, mkate kuleni. Ila huyo anayeumwaga huo unga, mwambie afungue dirisha.' Nikaja mpaka mlango wa uani, nikiwa nalo mdomoni. Halafu nikakumbuka nani alimwambia azibe. Nilishamharibia kanisani. Nikaona, nikilisema na hili, itakuwa mimi tu, kila upande mimi. Nikasema nitamwambia wiki ijayo." Alifuta mikono magotini. "Mwanangu, kamwambie mama yako nilikosa."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na pembe zilizopimwa na mpagazi asiyepimwa, nilikuwa na vyoo vya Jumapili ile, nilikuwa na mama akitambaa. Sikusema hata moja, kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele ya mtu aliyenifundisha kusoma, na kibaya zaidi, moyo wangu ulikuwa unamtafutia udhuru. Uso uliniwaka kwa aibu, yangu na yake, sikujua mpaka uko wapi.

"Hilo sitalibeba mimi," nikamwambia. Nikampigia mama, nikaweka simu sauti ya nje juu ya kigoda kingine katikati yetu.

"Mama, niko kwa Bwana Afya. Ana neno na wewe."

"Haya." Kisha, kwa adabu yake ya siku zote, "Shikamoo, Bwana Afya."

Mzee hakuitikia. Sijawahi kuona mtu mzima akiiacha shikamoo hewani namna ile. "Hiyo leo siipokei, Mama Mkate," akasema. Akamweleza. Hakuzunguka, hakuingiza vyoo. Alisema, "Niliambiwa, nilijua, nikakwambia nusu; nusu yako nikaificha kwa kuwa ilinihusu." Alipomaliza akainama kuelekea ile simu, yeye ambaye angeweza kuwa baba wa mama yangu, akasema, "Shikamoo, Mama."

Kwenye simu kilisikika kifua cha mama, kikivuta, kikipiga ile filimbi yake, kikiachia, kikivuta tena. Sauti ile mimi naisikia kila siku kiasi kwamba siisikii. Bwana Afya ilikuwa mara yake ya kwanza. Nilitazama chini, nikaona miguu yake mitupu kwenye vumbi la mahindi, vidole vimejikunja.

"Marahaba," mama akasema hatimaye. Akapumzika. "Mkate ulifika haujapondeka?"

"Haujapondeka, mama," nikajibu mimi.

"Basi ale. Siku hizi hakagui."

Nilifungua kitambaa. Mzee aliumega kwa mikono miwili, nami nikangoja pua, kwa mazoea, nikangoja afumbe macho. Hakuunusa. Aliutia mdomoni moja kwa moja, akatafuna polepole kwa meno yaliyobaki, machozi yakimshukia mpaka kidevuni, na simu ilikuwa bado wazi kwenye kigoda, mama anahema kule Tabora, sisi wawili tunamsikiliza.